Bwana Afya na Bwana Msa: Kazi ya Tahadhari na Chimbuko la Riwaya za Muhammed Said Abdulla

Utangulizi

Katika historia ya riwaya ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla (1918–1991) hutajwa kwanza kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi. Jambo ambalo hutajwa upesi, na aghalabu kwa sentensi moja tu, ni kwamba mwandishi huyu alianza maisha yake ya kazi katika Idara ya Afya ya Zanzibar, akawa mkaguzi wa afya kwa muda wa miaka kumi. Habari hiyo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ya wasifu tu, isiyo na uzito katika kuzieleza kazi zake. Chimbuko la Bwana Msa, mpelelezi wake mashuhuri, limezoea kutafutwa katika vitabu vya Kiingereza, hasa vya Arthur Conan Doyle. Na likishaonekana huko, uchunguzi huishia hapo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa miaka hiyo kumi inastahili kuangaliwa upya. Haidaiwi hapa kwamba riwaya za Abdulla ni kumbukumbu za ofisi zilizovishwa nguo za hadithi. Hoja ni nyingine: kwamba kazi ya mkaguzi wa afya ina njia yake maalumu ya kuuliza maswali, na kwamba njia hiyo ndiyo inayoipa riwaya ya Abdulla mifupa yake, hata pale ambapo sura yake ya nje imeazimwa ugenini. Hoja hii ikikubaliwa, basi swali la kama Abdulla "aliiga" au "hakuiga" linapata jibu lililo tofauti na lile lililozoeleka.

Visiwa na Maafa Yake

Kazi ya serikali ya kuzuia maafa ina tabia moja ya ajabu: ikifanikiwa, haionekani. Daktari amponyaye mgonjwa hushukuriwa, maana mgonjwa yupo na afya yake inaonekana. Lakini mkaguzi aliyefukia dimbwi kabla mbu hawajazaliana hana wa kumwonyesha. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Hawakuongeza kuwa aliyeuziba ufa kwa wakati wake hubaki bila ukuta wa kujivunia. Mtumishi wa namna hii hufanya kazi yake yote juu ya jambo ambalo halijatokea. Humbidi aone katika akili yake msiba usiokuwapo, apime njia utakazopita, kisha arudi kwenye vitu vidogo vilivyo mbele ya macho yake: mfuniko wa tangi, mtaro ulioziba, gunia lililotobolewa na panya.

Zanzibar ilikuwa na sababu nyingi za kuwa na watumishi wa aina hiyo. Katika karne ya 19 mji wake ulikuwa bandari kubwa ya biashara, na vilivyoletwa na majahazi na misafara havikuwa bidhaa peke yake. Kipindupindu kilizuka katika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1821, 1836–37, 1858–59 na 1869–70. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, anakumbukwa pamoja na mambo mengine kwa kuuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba, jambo lililowapunguzia wenyeji haja ya kutegemea visima vya mitaani.

Habari za magonjwa hayo ya kipindupindu zilikusanywa na James Christie, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiishi Unguja, katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1876. Christie aliufuata ugonjwa wa 1869–70 kinyumenyume: kutoka Unguja hadi Pangani, kutoka Pangani hadi nchi ya Wamasai, na kutoka huko kuelekea kaskazini hata pande za Bahari ya Shamu. Kijidudu kiletacho kipindupindu kilikuwa bado hakijathibitishwa. Kazi ya Robert Koch juu yake ilikuja katika miaka ya 1883 na 1884. Kwa hiyo chombo cha Christie kilikuwa maswali. Aliwauliza watu wa misafara na wafanyabiashara: ugonjwa mliukuta wapi, mwezi gani, nani alitangulia kuugua, njia ipi iliyopitwa? Kwa majibu hayo aliunganisha safari ndefu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Hivyo, miaka mingi kabla ya mpelelezi wa kubuni kuzaliwa katika fasihi ya Unguja, upelelezi wa kweli ulikwisha kufanywa kisiwani, na mshitakiwa wake alikuwa maradhi.

Maisha na Kazi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alimaliza masomo yake mwaka 1938 na akaajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Baada ya miaka kumi aliiacha kazi hiyo, akaingia katika uandishi wa habari. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata alisaidia uhariri wa magazeti mengine, yakiwamo Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Inafaa kukumbuka kuwa magazeti hayo hayakuwa ya mrengo mmoja: Al Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Mwaka 1958 alihamia katika uhariri wa Mkulima, gazeti lililohusu mambo ya kilimo, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1968.

Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957–58, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Baada ya hapo kikapita kimya cha miaka minane. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule wa kustaafu. Kisha zikafuatana Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Ya mwisho, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka 1984.

Orodha hii ina funzo lake. Katika riwaya saba, sita zilitoka katika mwaka wa kustaafu au baada yake. Abdulla si mwandishi aliyekuwa na kazi ya serikali pembeni. Ni mtumishi aliyemaliza utumishi wake, akayageuza mazoea yake kuwa sanaa. Mazoea hayo yalitoka katika vyuo vitatu. Ukaguzi ulimfundisha kutazama, uhariri ulimfundisha kupima habari, na gazeti la wakulima lilimfundisha kueleza sababu za mambo kwa lugha nyepesi kwa watu wasiokuwa wanafunzi wake. Mpelelezi hodari ahitaji nini zaidi ya hayo matatu?

Mahali na Mtenda

Katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki mkaguzi wa afya aliitwa Bwana Afya, na jina hilo halikuwa la mapenzi matupu. Bwana Afya alikuwa na ruhusa ya kuingia uani, kufunua mitungi, kutazama choo, kuhesabu waliolala chumba kimoja na kuandika alichokiona. Alitafuta viluwiluwi ndani ya maji yaliyosimama na mashimo ya panya katika maghala. Kila alichokiona kilimjia kwa maswali mawili ya msingi: ni wapi, na tangu lini? Swali la "nani" lilikuja nyuma, na mara nyingi halikuhitajika kabisa.

Hapo ndipo njia yake ilipotofautiana na njia ya jirani aliyefiwa. Mwenye msiba huuliza kwanza swali la mtenda: nani kamroga mwanangu, ni shetani gani aliyemgusa, tumemkosea nani? Bwana Afya huligeuza swali hilo liwe la mahali: mtoto alikunywa maji ya kisima kipi? Msiba ni ule ule, na machozi ni yale yale. Kilichobadilika ni umbo la swali. Swali la mtenda huleta hofu, na mara nyingi hulipiza kisasi kwa mtu asiye na hatia, kama ajuza anayeishi peke yake. Swali la mahali huleta kazi: kisima kifukiwe, tangi lifunikwe.

Sasa na litazamwe jina la riwaya ya kwanza. Neno mzimu katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa pamoja. Ni roho ya mtu aliyekufa, na tena ni mahali ambapo watu huweka sadaka na kuomba: pango, mti mkubwa au magofu ya kale. Lugha yenyewe inaruhusu msemaji ateleze kutoka maana moja hadi nyingine bila kutambua. Mtu akiuawa mzimuni, si safari ndefu hata kusema kuwa ameuawa na mzimu. Tofauti ya kisarufi ni ndogo sana. Kiambishi cha mahali kimeondoka na kihusishi cha mtenda kimeingia. Lakini tofauti ya kisheria na ya kibinadamu ni kubwa mno, kwani katika sentensi ya kwanza mwuaji bado anatafutwa, na katika ya pili amekwisha kupatikana na hakamatiki.

Riwaya nzima ya Mzimu wa Watu wa Kale imejengwa juu ya mtelezo huo. Bwana Ali, mtu mwenye mali na ardhi, anauawa, na kifo chake kinafungamanishwa na mzimu. Khofu ya watu inakiri jibu mara moja. Bwana Msa, akiwa na sahibu yake Najum, anafanya kazi moja tu ingawa ina hatua nyingi: anamrudisha mzimu katika mahali pake. Mzimu kwake ni mahali ambapo mtu mmoja alikuwapo saa fulani, na mtu mwingine vilevile. Akishalijua hilo, maswali yanayobaki ni ya kawaida: nani alijua njia, nani alifaidika, nani alisema uwongo kuhusu saa. Mwuaji anayepatikana ni binadamu.

Vivyo hivyo katika Kisima cha Giningi. Katika simulizi za Unguja na Pemba, Giningi ni jina linalohusishwa na makao ya wachawi, na kwa hiyo kichwa cha kitabu humtia msomaji hofu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, kichwa hicho kimeanza na neno kisima, na hakuna kitu ambacho mkaguzi wa afya alikizoea kuliko kisima. Kwa mwenye hofu, kisima ni mlango wa kuzimu. Kwa Bwana Afya kina kina, kina ukingo, kina watu wanaokwenda kuteka na njia wanayopita. Riwaya inauendeleza mvutano kati ya macho hayo mawili.

Uvumi kama Dalili

Kiswahili kina njia nyingi za kutaja habari bila ya kumtaja mwenye habari: yasemwa, inasemekana, wasema, imesikika. Njia hizi zina adabu yake, kwani humlinda msemaji na kumstahi anayesemwa. Lakini pia huipa habari nguvu isiyokuwa na mwenyewe. Methali nayo inaunga mkono: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kwa methali hii, neno la watu linapewa cheo cha ushahidi.

Bwana Msa halikubali jambo hilo, wala halikatai moja kwa moja. Huu ndio ustadi wake, na ndipo unapoonekana tena mkono wa mkaguzi. Bwana Afya aliyesikia kwamba katika mtaa fulani watu wanakufa kwa husuda hakusema "upuuzi" akarudi ofisini. Uvumi wa husuda ulimwambia kuwa katika mtaa ule watu wanakufa, na hilo ndilo alilohitaji kujua. Uvumi ulikuwa wa uwongo katika sababu na wa kweli katika tukio. Uliweza kutendewa kama homa inavyotendewa: homa haielezi ugonjwa, lakini haiji bure.

Kwa njia hiyo hiyo Bwana Msa huwasikiliza watu wa riwaya zake. Wapige porojo, wataje pepo na wachawi, yeye hujaza kiko chake na kungoja. Kisha huja swali linaloibadilisha sentensi kutoka "inasemekana" hadi "nani kasema?", na kutoka hapo hadi "kaona mwenyewe, au kaambiwa?" Mazungumzo marefu ya riwaya hizi, ambayo msomaji mwenye haraka huweza kuyaona yamezidi, yana kazi hii hasa. Ni safari ya kurudi nyuma kutoka kinywa hadi kinywa, mpaka kinywa cha kwanza, sawa na ile ya Christie aliyerudi kutoka Unguja hadi Pangani na kuendelea.

Swali la Kuiga

Hapana shaka Abdulla aliufahamu mfano wa Sherlock Holmes. Kiko, sahibu mwenye kushangaa, mpelelezi asiyekuwa askari, maelezo ya mwisho yanayofumbua kila fundo: vyote hivyo vina asili inayojulikana. Wahakiki wanaoyataja haya wanasema kweli. Kinachosahaulika ni jinsi Holmes mwenyewe alivyozaliwa. Conan Doyle alikuwa daktari. Alisoma udaktari Edinburgh, na alieleza waziwazi kuwa mwalimu wake Joseph Bell, aliyezoea kutambua kazi na maradhi ya mgonjwa kwa kumtazama tu, ndiye aliyempa mfano wa mpelelezi wake. Kitabu cha kwanza cha Holmes kilichapishwa mwaka 1887, katika kipindi ambacho elimu ya maradhi ilikuwa imeanza kuvifuata visababishi visivyoonekana.

Basi mkaguzi wa afya wa Unguja aliposoma hadithi za daktari wa Kiingereza, hakukutana na mgeni mtupu. Alikutana na mtu wa ukoo mmoja wa kazi. Mbinu za nje alizichukua kwa Conan Doyle; jicho lilikuwa lake. Hii ndiyo sababu Bwana Msa hakukaa katika Kiswahili kama nguo ya kuazima. Waigaji wengi huchukua kiko na kuliacha swali.

Tofauti nazo zina maana. Bell alitazama mwili wa mgonjwa mmoja kitandani, na Holmes anafuata mtindo huo: anasoma kiatu, ukucha, jivu la tumbaku. Mkaguzi hutazama nyumba, ua na ujirani. Bwana Msa naye hujenga hoja zake zaidi juu ya nasaba, ndoa, urithi na siri za nyumbani kuliko juu ya alama za vidole. Katika riwaya za miaka ya 1970 jambo hili linazidi: fumbo huwa nani mwana wa nani na nani mume wa nani, kuliko nani kamwua nani.

Alichokiacha Ofisini

Ulinganisho na mwandishi mwingine wa Afrika unaweza kufaa hapa. T. M. Aluko wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1918, alikuwa mhandisi na mpangaji wa miji, akafikia kuwa mkurugenzi wa kazi za ujenzi za serikali katika Nigeria ya Magharibi. Yeye aliiingiza ofisi ndani ya riwaya. Katika One Man, One Matchet (1964) maofisa wanataka mikakao yenye maradhi ikatwe ili mingine iokoke, na wakulima wanaona kuwa wanaporwa mali. Aluko anaonyesha kwamba tahadhari iliyo sahihi kwa sayansi huweza kushindwa kwa kukosa imani ya watu.

Abdulla hakumwandika ofisa. Alimchukulia Bwana Afya maswali yake akamvua cheo chake. Bwana Msa hana amri ya kuingia nyumba ya mtu, hana faini ya kutoza, hana karatasi yenye muhuri. Humbidi abishe hodi, akaribishwe, aketi barazani, anywe kahawa, na aulize kama mtu mwenye adabu. Mkaguzi wa wakati wa ukoloni alikuwa na haki ya kufunua mtungi. Mpelelezi wa Abdulla lazima aombe. Kwa kufanya hivyo mwandishi aliirekebisha kasoro kubwa ya kazi yake ya zamani, ile ya elimu iliyofungamana na amri. Bwana Msa akishinda, ushindi wake ni wa kushawishi.

Hata hivyo, kuna udhaifu ambao haukurekebishwa, nao unatokana na chuo kile kile. Mkaguzi hukifukia kisima kibovu, wala haulizi kwa nini mtaa huu una mabomba na ule una visima. Riwaya za Abdulla vilevile humpata mkosaji mmoja na kuiacha jamii kama ilivyo. Mzimu wa Watu wa Kale inasimama katika ulimwengu wa wenye mashamba na watumishi wao, miaka michache tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Lakini swali la nani anamiliki ardhi na kwa haki gani halikaguliwi kwa ukali ule unaokagua saa ya kifo. Wahakiki waliolilaumu jambo hili hawakumwonea. Lawama yao ingekuwa na nguvu zaidi kama wangeona kwamba upofu huo ni upande wa pili wa uoni wake: jicho lililozoea ufa mmoja mmoja si rahisi liuone msingi wa nyumba.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa miaka kumi ya Muhammed Said Abdulla katika Idara ya Afya haikupotea aliposhika kalamu. Kutoka katika kazi ya tahadhari alileta desturi ya kuligeuza swali la mtenda kuwa la mahali, desturi ya kuuchukua uvumi kuwa dalili, na subira ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Desturi hizo zilikutana na umbo la riwaya ya upelelezi, na umbo hilo likapata kazi mpya katika Kiswahili: kubishana na hofu kwa lugha ya wenye hofu wenyewe, bila kuwadharau.

Kwa wanafunzi wa fasihi, funzo ni kwamba wasifu wa kikazi wa mwandishi usisomwe kama orodha ya ajira. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na wa ofisi nyingine za serikali. Na wako waandishi wengi wa Kiswahili waliokuwa walimu, mahakimu na makarani. Kila kazi kati ya hizo ina namna yake ya kuuliza, kuandika na kushuku. Uchunguzi wa namna hizo, ukifanywa kwa makini katika matini yenyewe, utaeleza mengi ambayo orodha ya vitabu vya kigeni haiwezi kuyaeleza.

Na kuhusu Abdulla mwenyewe, inafaa kuzingatia kuwa riwaya yake ya mwisho aliipa jina Kosa la Bwana Msa. Mtu aliyefanya kazi ya kuzuia maafa anajua kuwa mkaguzi naye hukosea, na kwamba kosa lake halina budi kuandikwa katika ripoti pamoja na mengine yote.